Uso wa Safu ya Pili

Wanafunzi wangu walikuwa na msemo kwamba madam wa Kiswahili hana meno, kwani hakuna aliyewahi kuyaona. Walidhani sijui. Mwalimu hujua kila kinachosemwa juu yake, ila huchagua la kusikia. Na ni kweli, mimi si mtu wa kuchekacheka. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Marehemu mume wangu alizoea kusema kwamba alinioa kwa sababu siku alipoteleza akatumbukia kwenye birika la kunyweshea ngamia, wasichana wote walicheka isipokuwa mimi. Nilikuwa nawaza jinsi ya kumtoa.

Basi fikiria nilivyonuna asubuhi ile mwalimu mkuu alipotukusanya uwanjani na kutujulisha kwa mzee mmoja kutoka Australia, ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kuchekesha watu. Alisema hivyo kwa fahari, kana kwamba tumeletewa daktari wa macho. Mzee alikuwa amepita miaka sitini, miguu mirefu, kaptura ina mifuko isiyo na idadi. Angekaa nasi muhula mmoja, afundishe Kiingereza na kutusaidia katika maigizo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Alilitafuta mwenyewe, akakaa miaka mitano.

Katika chumba cha walimu walimpa kiti kilichoelekea changu. Wiki ya kwanza tu akanionyesha simu yake. Kulikuwa na video ya zamani, rangi zimefifia, ya kijana mwenye nywele nyingi aliyeingia dukani na ngazi begani. Akigeuka huku ngazi inaangusha hiki, akigeuka kule inaangusha kile, mpaka mwishowe akaanguka yeye mwenyewe. Alinieleza kwamba kijana yule ni yeye. Alianza kwa kuchekesha walevi katika vyumba vya nyuma vya baa, akapanda hadi majukwaani, kisha akaingia kwenye televisheni, na kwa miaka mingi watu wa kwao walikula chakula cha jioni wakimtazama akianguka. Baadaye walipokuja vijana wa vichekesho vya mdomo, akasomea ualimu, akawa anafundisha maigizo shuleni. Mke wake alipofariki, nyumba ikamshinda. Ndipo akaja kwetu.

Niliitazama ile video mara mbili. Nikamuuliza kama yule kijana aliumia. Akasema ndiyo, mbavu mbili. Nikampa pole, nikarudi kusahihisha insha zangu. Aliniangalia kwa muda mrefu, kama mtu wa mnadani aliyeona dume analolitaka, na tangu siku hiyo akawa ananifanyia majaribio. Kila kichekesho kipya lazima kipite mbele ya uso wangu kwanza. Mimi nilikunywa chai yangu ya maziwa ya ngamia na kumwambia ukweli, yaani hakuna kitu.

Na kwa kweli hapakuwa na kitu. Alijigonga kwenye mlingoti wa bendera mbele ya shule nzima, akaanguka chali kwa ustadi mkubwa, na wasichana wa kidato cha kwanza wakamkimbilia kumwinua. Mmoja alimletea maji na kumuuliza kama ana kisukari. Kwetu mzee akianguka, huinuliwa. Hakuna anayengoja kuona kama ni mchezo.

Kicheko chake cha kwanza hapa Isiolo alikipata kwa kusema ukweli. Tulikuwa tumepitia kwenye soko la mifugo, na mfanyabiashara mmoja wa ngamia, mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina, akamuuliza kwao wanafuga nini. Akasema kondoo na ng'ombe. Akaongeza kwamba ngamia pia wapo, tena wengi, lakini hao hawana mwenyewe, wanazurura tu jangwani mpaka serikali inalalamika. Yule mfanyabiashara aliuliza mara tatu kuhakikisha. Ngamia? Hana mwenyewe? Na serikali inalalamika? Akawaita wenzake waje wasikie. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini na kushika kofia yake. Kwa mwaka mzima kila alipopita mjini waliulizana kwa sauti lini watatuma lori likachukue ngamia wa bure.

Alirudi shuleni amechanganyikiwa kabisa.

"Madam," akaniambia, "nimeanguka wiki tatu, hakuna kitu. Nimesema ukweli, wamekufa wote."

Nadhani hapo ndipo alipoacha kuanguka na kuanza kusikiliza. Alinunua daftari la shule, la mistari, akawa anakaa kwenye benchi nje ya duka lolote lenye kivuli na kuandika namna watu wanavyoongea. Jambo lililomshika kuliko yote ni salamu zetu. Sisi Waborana hatumtupii mtu habari kama anayetupia mbwa mfupa. Ukikutana na mtu, unauliza kwanza kama nyumbani ni amani, watoto ni amani, ng'ombe, mbuzi, malisho, mvua, safari, na kila swali jibu lake ni moja: nagaa, amani. Hata kama nyumba imeungua, ni nagaa. Zikiisha ndipo unaulizwa, haya, una habari gani, na hapo ndipo unaposema nyumba imeungua. Nilipomweleza hivyo alifunga daftari, akafumba macho kama mtu aliyeonyeshwa kisima.

Kutokana na hilo akawatungia wanafunzi igizo. Mtu anaona fisi akiingia kwenye boma la jirani. Anakimbia kumpasha habari, lakini hawezi kusema kabla ya salamu. Anahema, jasho linamtoka, anaulizwa mbuzi wako salama, anajibu nagaa, naye anauliza mbuzi wa mwenzake wako salama, wale wale wanaoliwa saa hiyo, anajibiwa nagaa. Hakuna zaidi ya hapo. Wanafunzi walitaka kuongeza sura za kuchekesha na kukodoa macho. Akawakataza. Mjinga hacheki, aliwaambia, mjinga anafanya kazi. Aliwafanya wakimbie kilomita nzima hadi kwenye barabara ya lami na kurudi kabla ya kila zoezi, ili wajue kuhema kunavyokuwa.

Igizo lile lilivuka ngazi ya kaunti katika mashindano ya maigizo ya shule. Akina mama wa hapa mjini walifuta machozi kwa shela zao. Kila mmoja wetu amewahi kusimama mahali pale, habari imemfika kooni na adabu imemziba mdomo. Mimi sikucheka, ingawa yeye aliwatangazia walimu wote kwamba pembe ya kushoto ya mdomo wangu ilitikisika. Nilimwambia ni jino.

Nilimpenda yule mzee, na sioni haya kulisema. Hayakuwa mapenzi ya kuolewa. Walionong'ona niliwaacha wanong'one. Tangu nifiwe na mume wangu, watu walikuwa wamezoea kunizunguka kama wanavyozunguka kuta za msikiti, kwa heshima na bila kugusa. Yeye alinijia kila asubuhi na kitu kipya mkononi, apate kuona kama leo nitacheka. Ni vizuri mtu akikungojea. Sikujua ni vizuri kiasi gani mpaka ilipokuwa karibu kuisha.

Mwaka wa nne nikaanza kuona mambo. Alisahihisha madaftari ya kidato cha pili, na kesho yake akayasahihisha tena, alama tofauti. Alikuja shuleni Jumamosi, akakaa peke yake darasani akingoja wanafunzi. Wenzangu walisema ni uzee, na mlinzi akasema ni jua, wazungu hawaliwezi. Mimi nilinyamaza. Mficha maradhi, kilio humfichua, lakini si juu yangu kuanza kulia.

Alinieleza mwenyewe. Alikuwa ameenda Nairobi kwa daktari, na jibu lilikuwa lile alilolitegemea, kwa sababu baba yake pia aliondoka hivyo, akisahau kidogo kidogo. Dawa ya kuponya hakuna. Akaniambia hilo analiweza. Asiloliweza ni jambo moja. Zamani, alipokuwa kijana, alimwona mwigizaji mkongwe wa kwao akipanda jukwaani, akisahau kila kitu, na watu wakimpigia makofi ya huruma. Alisema hakuna kelele mbaya duniani kama makofi yale, na yeye alitaka kurudi kwao kwa miguu yake kabla hayajamfika. Shida ni kwamba mwenye ugonjwa ndiye wa mwisho kujua. Binti yake alikuwa mbali. Hapa aliniamini mimi.

"Wewe hucheki bure," akasema. "Nikiigiza, kaa safu ya pili. Kama nimepotea kweli, na si mchezo, usicheke. Nitaona uso wako, nitajua, nitaenda nyumbani."

Nikamwambia kutocheka ndiyo kazi yangu, hilo halina taabu. Nilitoa ahadi ile kirahisi kabisa.

Siku ya wazazi ya mwaka wa tano wazazi waliomba mzee mwenyewe aigize, acheze yule mwenye habari, na msichana wa kidato cha tatu acheze jirani. Uwanja ulijaa. Walikuja watu wa mjini, wakulima wa Kimeru kutoka upande wa juu, wafugaji waliosafiri kutoka Kulamawe wakiwa bado na vumbi la njia. Nilikaa safu ya pili, katikati, kitambaa changu kimenyooshwa vizuri ili uso uonekane.

Aliingia akikimbia. Alihema kwelikweli, kwa kuwa alikuwa amekwenda hadi lami na kurudi kama alivyowafanyia wanafunzi wake. Msichana akaanza salamu. Nyumbani, watoto, ng'ombe, mbuzi, malisho, mvua. Nagaa, nagaa, nagaa. Watu walikuwa wameshaanza kucheka. Kisha msichana akauliza, kama ilivyoandikwa, ana habari gani. Na mzee akafungua mdomo, na hapakuwa na kitu.

Nilijua papo hapo. Kuna namna macho yake yalivyokuwa yakifanya pale chumba cha walimu, yakitembea juu ya vitu kimoja kimoja yakitafuta pa kushika. Alimtazama msichana, akatazama mikono yake. Halafu akafanya jambo pekee ambalo mdomo wake ulikuwa bado unalijua. Akaanza kumsalimia upya. Nyumbani ni amani? Msichana, ambaye alikuwa amefundishwa vizuri, hakutetereka. Akajibu nagaa, naye akauliza zake. Wakafika mwisho. Una habari gani? Hakuna kitu. Akaanza tena mara ya tatu.

Uwanja ulikuwa umepasuka. Mtu ana habari ya kufa na kupona, na kila akifika mlangoni anarudi mwanzo wa njia. Wafugaji walikuwa wakijipiga mapaja. Mwalimu mkuu alikuwa ameinama, kichwa kati ya magoti. Zilipoisha salamu za mara ya tatu, mzee alisimama kimya, mikono imelegea, akawageukia watu na kusema kwa Kiswahili, kwa masikitiko makubwa, "Nilikuwa na habari. Ilikuwa habari kubwa sana."

Sijasikia kicheko kama kile tena mjini huu. Na katikati ya kicheko hicho akanitafuta. Niliona macho yake yakishuka kutoka safu hadi safu mpaka yakanifikia.

Nami nilikuwa nacheka. Meno yote nje. Nilikuwa nimeshika bega la mama mmoja nisiyemjua, machozi yananitiririka, siwezi kupumua. Nimejaribu baadaye kujitetea kwamba nilicheka ili nisimwaibishe, au kwamba sikutaka aondoke, na labda hayo nayo yalikuwamo. Lakini ukweli ni kwamba nilijua amepotea, na nilicheka. Wengine wote walikuwa na udhuru.

Uso wake ukatulia. Kutoka nyuma mzazi mmoja aliyewahi kuliona igizo akapaza sauti akimwambia ni fisi, mwambie ni fisi, na yeye akamgeukia msichana kwa furaha isiyoigizwa, akamwambia fisi yuko kwa boma. Watu wakasimama kushangilia.

Jioni ile alinishika mkono, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akasema sasa anajua bado yuko sawa. Alimpigia simu binti yake akamwambia atabaki mwaka mwingine. Nami nikatikisa kichwa kukubali. Miezi miwili nilikuwa nikimtazama akisaini vitabu vya mahudhurio kwenye mstari usio wake, na kila asubuhi nikijiambia nitamweleza kesho.

Kisha akapotea. Aliondoka nyumbani asubuhi kwenda dukani, na badala yake akapanda pikapu iliyokuwa inaelekea Merti. Dereva hakuona ajabu, wazungu huenda Merti. Alishuka Gotu, akatembea hadi kwenye manyatta ya wafugaji, wakampokea kama mgeni anavyopokewa. Walimpa maziwa na ngozi ya kulalia. Siku mbili tulimtafuta mjini, hospitalini, kwenye mabonde ya nyuma ya shule, na mimi siku hizo mbili sikumeza kitu. Aliyemrudisha ni dereva wa lori la mbuzi aliyemtambua kwa ile hadithi ya ngamia wa bure. Wenyeji wake walishangaa kusikia kwamba alikuwa anatafutwa. Walimwuliza kila kitu, walisema, na kila kitu kwake kilikuwa nagaa. Walipomwuliza ana habari gani, alisema hana.

Nilimpigia simu binti yake siku hiyo hiyo. Nilimweleza yote, pamoja na safu ya pili. Akaniambia asante kwa sauti ambayo sikuistahili. Baada ya siku sita alikuwa hapa, mwanamke mrefu mwenye miguu ya baba yake, na tukafunga vitu pamoja. Vilikuwa vichache. Madaftari ya mistari kumi na moja, na kaptura.

Asubuhi ya kuondoka wanafunzi walikuwa wamejipanga uwanjani wakiimba. Nilimwomba binti aniachie dakika chache, nikamkalisha mzee kwenye benchi la chumba cha walimu, na nikamwambia. Nilimwambia kwamba siku ya wazazi alikuwa amepotea kweli. Nilimwambia nilijua, tangu mara ya kwanza salamu zilipoisha, na kwamba nilimwahidi kutocheka na nilicheka, na kwa sababu yangu akabaki hadi akapotelea Gotu. Nikamwomba msamaha.

Alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti. Siku hiyo akili yake ilikuwa safi, au angalau ilikuwa nyumbani. Nilidhani atakasirika, na nilikuwa tayari, hata nilitamani. Alipoinua uso aliniangalia kwa makini kama alivyoniangalia wiki ile ya kwanza.

"Ulicheka kweli," akauliza, "ama ulikuwa unanisaidia?"

"Nilicheka kweli."

Akafunga macho. Ule uso wote mzee ulifunguka, sijui niseme vipi, alifurahi kuanzia ndani. Alirudia polepole, Madam alicheka kweli, akapiga goti lake kofi moja, akasema basi.

Tulitoka nje. Tulipokuwa tunapita kwenye wanafunzi alisimama, akaniinamia, akaniuliza kama ile siku ya wazazi nilicheka kweli ama nilikuwa namsaidia. Nikamjibu. Aliniuliza tena tulipofika langoni, na tena baada ya kupanda gari, kioo kimeshushwa, binti yake akitazama upande mwingine. Kila mara nilimwambia nilicheka kweli, na kila mara alifurahi kana kwamba ndiyo anasikia mara ya kwanza.